Jezi Isiyo na Jasho

4 Machi

Mpenzi Baba Kadogo,

Hujambo huko uliko? Sisi wazima, ila Kadogo anaota jino, analia mpaka jirani anagonga ukuta.

Jumamosi tulikutazama ukicheza raga kwenye televisheni ya fundi viatu. Ulipopita na watu watatu wamekuning'inia, fundi akasema, "Huyo si mtu, ni tingatinga." Nikamwambia tingatinga hilo linaogopa panya. Watu wakavunjika mbavu. Kisha nikaona damu kwenye nyusi zako, nikamvuta Kadogo kifuani.

Sasa usinicheke. Ile jezi uliyoivua siku ya kuondoka, ambayo mtoto huilalia, nimeifua. Kutwa nafua mashuka ya hospitali. Mkono ukiona nguo chafu hauulizi. Imetakata, harufu yako imekwenda na maji. Mtoto anainusa, anaitupa. Tutumie nyingine uliyoichezea. Usiifue.

Mkeo,
Mama Kadogo

20 Machi

Mama Kadogo wangu,

Salamu kwako na kwa mwenye jino. Barua yako nimeisoma nimejifunika taulo usoni, wenzangu wasinione. Kumbe dobi hana likizo hata nyumbani kwake.

Mimi mzima. Mazoezi ni yale yale, tunasukumana mpaka miguu inakataa amri. Kocha anasema bila mimi safu ya mbele ni pazia tu. Jezi hiyo hapo, nimeichezea juzi.

Baba Kadogo

9 Aprili

Baba Kadogo,

Sisi wazima. Wewe sijui.

Jezi imefika. Mikunjo ya kiwandani bado imesimama. Kwapani pakavu, kwenye kola hakuna hata chembe ya udongo. Mume wangu, jezi hii haijaona uwanja. Na kwa fundi viatu tunakaa mpaka mechi inakwisha, wewe hatukuoni. Fundi anasema umepumzishwa kwa ajili ya fainali. Nimeitikia tu. Mimi niambie kweli.

Mama Kadogo

2 Juni

Mke wangu,

Nisamehe kwa kimya. Ni goti. Liligeuka mazoezini wiki ile barua yako ya kuomba jezi ilipofika. Jezi ya jasho sikuwa nayo, nikachukua mpya stoo. Daktari anataka kulipasua, na baada ya hapo, anasema, tuombe Mungu.

Kila asubuhi bado naenda uwanjani na magongo yangu, nasimama pembeni wenzangu wakisukumana. Tangu utoto sijajua kitu kingine. Hapo mtaani mnangoja tingatinga. Nitawaleteaje gari bovu?

Baba Kadogo

16 Juni

Mume wangu,

Pole, na pole tena. Laiti ningekuwa hapo nikushikie hilo gongo.

Kubali kupasuliwa. Ukipona, cheza mpaka mwili wenyewe useme basi. Siwezi kukutenga na uwanja. Nilikupenda ukiwa na matope. Usipopona, njoo hivyo hivyo. Gari bovu husukumwa, na mimi mikono ninayo.

Humu kwenye kifurushi kuna mbeleko ya mtoto. Ina maziwa, ina udenda, ina jasho la mgongo wangu. Nimepita nayo karibu na beseni mara nyingi, mikono ikiniwasha. Sijaifua.

Siku hizi nambeba kwa shuka kuukuu. Amekuwa mzito, miguu inaning'inia mpaka mapajani kwangu. Lakini njoo umbebe. Bado anabebeka.

Mkeo,
Mama Kadogo