Kiti cha Kando ya Kabati

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, ingawa nakujua: hata ukiwa umelala hoi kwa homa, utasema ni mafua tu. Huku hatujambo. Magoti ya Baba yanamsumbua, ila mdomo wake uko palepale. Anakuulizia kila siku. Tangu tulipomzika Mama hujakanyaga nyumbani, na kila nikikuuliza sababu unageuza mazungumzo. Hata simu ya kuonana umekataa, maana Baba mpaka leo anaongea huku mikono inacheza kama alivyozoea kwa Mama, nawe ukiiona tu, unakata. Yule mzee anaamini umemkasirikia. 

Haya, habari yangu. Nimepata kazi ya ukalimani wa lugha ya alama, kwa majaribio, na Jumatatu nitatakiwa kusaini mkataba. Cheka basi. Wewe ndiye uliyeniita Kasuku kwa sababu kila neno la mtu nalirudia, na sasa kasuku analipwa mshahara! Nilidhani kwa kuwa nimelelewa na mama kiziwi, hakuna wa kunifundisha kitu. Thubutu. Siku ya kwanza nilikemewa mpaka nikatafuta pa kuficha uso.

Wakalimani wapya tunapewa mlezi, mtu mzima katika kazi, na wangu ni mama mmoja mrefu avaaye nguo nyeusi isiyo na ua wala mstari, ili mikono yake ionekane vizuri. Pete hana, kucha amezikata. Alinifundisha nisikae dirisha likiwa nyuma yangu. Alinifundisha kwamba kiziwi akisema "mimi", nami niseme "mimi", si "yeye anasema". Nisitie neno, nisitoe neno. Tunafanya kazi wawili wawili: mmoja anakalimani, mwenzake anakaa akimwelekea, na neno likimponyoka anamwonyesha kwa mikono. Aliniambia kazi yake ndiyo hiyo tu, kunionyesha kinachonipita.

Juzi asubuhi tulipelekwa hospitali kwa fundi cherehani mmoja mzee, kiziwi, aliyekuwa akisubiri kupasuliwa ngiri. Nikaanza mimi. Daktari alimuuliza kama ana ndugu wa kumsindikiza. Mzee akatazama kiti kilichokuwa kando ya kabati, akatabasamu, akajibu kwamba ndugu hana, ila huyu mama aliyekaa hapa amemchekesha tangu alfajiri. Kaka, kile kiti kilikuwa kitupu. Kilikuwa na blanketi lililokunjwa, basi. Nikalimeza lile neno, nikaona nimhifadhi mzee wa watu asionekane amechanganyikiwa. Mlezi wangu akanikazia macho, akanionyesha kwa mkono: sema. Nikasema. Daktari akacheka, akasema ni dawa hizo.

Tukabadilishana zamu, akaanza yeye. Mzee alisikia baridi, akaingiza mikono chini ya shuka. Chini ya shuka, Kaka! Na mlezi wangu akaendelea kukalimani. Macho yake yalikuwa kwenye kiti, na kwa ile sauti yake isiyo na joto wala baridi akasema: "Mimi si ndugu wa huyu mzee, namchangamsha tu. Ninamngoja huyu binti amalize kazi." Daktari, aliyekuwa ameinamia faili lake, alijibu sawa mama, wala hakuinua kichwa. 

Tulipofika koridoni nilimwambia naenda nyumbani, na kazi yao nimewaachia. Hakunizuia. Alisema naye alitaka kukimbia vilevile mlezi wake alipomwonyesha, zamani. Alisema wapo wanaokufa kabla hawajamaliza kusema. Waliokuwa wakisema kwa mdomo hajui huwa wanakwenda wapi, lakini wa mikono hukaa mahali penye mwanga na kungoja mtu wa kuwatazama. Kisha akafanya alama moja, akaniuliza kama ni jina langu. Aliunda mdomo wa ndege kwa vidole, akaugusisha sikioni.

Unaijua alama hiyo. Kasuku wote duniani huonyeshwa mdomoni, ila Mama alinihamishia sikioni kwa sababu nilikuwa sikio lake. Ilibaki kwetu tu: Mama, Baba, wewe na mimi. Nilishika ukuta.

Tukarudi ndani. Mzee alikuwa ameshapelekwa kupasuliwa. Mlezi aliniketisha nikikipa mgongo kile kiti, akakaa mbele yangu, akaniambia nisigeuke, nimtazame yeye tu. Kisha akaanza kuiga, alama kwa alama, akitazama juu ya bega langu. Mwanzoni ilikuwa mikono yake. Halafu kidole chake kidogo cha kulia kikajikunja, kikabaki hivyo, kama kile cha Mama kilichobanwa na mlango kisinyooke tena. Asubuhi ile nilikiona kimenyooka, naapa. Zile zilikuwa alama za Mama, na kile kigugumizi chake cha kidole. Nililia mbele ya mtu wa kazini na sikuona haya.

Ujumbe haukuwa wangu. Ni wako, nami nakupa kama nilivyofundishwa, sitii neno wala sitoi:

"Mwanangu, ulipozima taa usiku ule, mimi sikunyamaza. Niliendelea kusema gizani, nawe hukuona. Hasira ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nasema, haya baba, nenda, kazi ni kazi. Alfajiri kuna baridi. Sweta nimelitia chini kabisa ya begi lako. Ndiyo maneno niliyokuwa nayo. Hakuna mabaya niliyobaki nayo."

Kaka, mimi usiku ule wa kuamkia safari yako, wa mwisho wako na Mama, nililala kwa shangazi. Habari ya taa siijui, hukunisimulia, wala Baba hakunisimulia. Ila sote tumekulia nyumba ile, tunajua kumzimia taa Mama ni kumziba mdomo. Na nilipopanga nguo zake nilikuta sindano za kufumia na mabaki ya sufu ya kijivu, sweta lenyewe sikuliona.

Kwa hiyo nijibu kabla ya Jumatatu. Kama hukuzima taa yoyote, na begini hapakuwa na sweta, niambie waziwazi: nitajua nimechezewa na mwanamke mwongo, nami nitarudisha kitambulisho chao. Lakini kama ulizima, basi, kaka yangu, njoo nyumbani. Baba anastahili kujua kwamba hukumkimbia yeye. Sitakulaumu. Naumia tu kwamba jambo hili umelibeba peke yako muda wote huu.

Baba anakusalimu, shangazi pia, na majirani wote wanaopenda umbea wanakusalimu. Fundi cherehani anaendelea vizuri, na alipozinduka aliuliza yule mama mcheshi amekwenda wapi. Mlezi wangu anasema kiti sasa ni kitupu. Anasema ujumbe ukishakabidhiwa, msemaji huufuata, aone umefikishwa sawasawa.

Basi ukimaliza kusoma, kaa kidogo. Usizime taa mpaka amalize.

Mdogo wako akupendaye,
Kasuku