Risasi Sita za Dada Lea

Msalato, Dodoma
21 Juni 1994

Dada yangu mpendwa Lea,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa hapo Kibaigwa, na kwamba kifua kilichokuwa kikikusumbua siku ya kipaimara cha binti yetu Ruthu sasa kimetulia. Ninafahamu kuwa vumbi la sokoni msimu huu halimpi mtu nafasi ya kupona, hasa mtu anayeshinda kati ya magunia na kukataa kufunga kitambaa puani kwa sababu, kama ulivyomwambia mke wangu Restuta, wateja wanataka kuyaona meno yako. Sisi huku hatujambo. Restuta anakuamkia. Ruthu naye anakuamkia, na lile gauni ulilomletea amelivaa mpaka mama yake ameona heri alifiche.

Dereva wako Gerson amekukabidhi barua hii pamoja na kifurushi kilichoshonwa kwa uzi mweusi. Nakuomba usikifungue mpaka umalize kusoma. Nakuomba vilevile, kabla hujaondoka Alhamisi kwenda Dar es Salaam, usiitegemee ile bastola kwa jambo lolote. Sababu nitaieleza kwa mpangilio, maana nikiieleza ovyo utanielewa vibaya, na jambo lenyewe ni uhai wako.

Nianze na neno moja. Watu wengi husema baruti wakimaanisha unga wowote unaolipuka. Maana hiyo haimtoshi mtu anayejaza risasi. Kwake yeye, baruti ni unga ambao kasi ya kuungua kwake inajulikana. Kasi isipojulikana, unga huo unaweza kuwa bora kuliko wote duniani, na bado kwake si baruti. Ukiungua polepole mno, risasi hukwama ndani ya mtutu. Ukiungua haraka mno, bastola hupasuka katika mkono wa aliyeishika, na mkono ule huwa karibu na uso. Kwa macho huwezi kuutofautisha unga wa bastola na unga wa bunduki ya marisau. Jina lililoandikwa kwenye kopo ndilo ushahidi pekee alionao mjazaji, na ushahidi huo una thamani ikiwa tu kilichomo ndani ndicho kilichotiwa na kiwanda.

Unakumbuka ulivyonijia baada ya Pasaka, ukiwa na bastola ya marehemu shemeji Elisante, leseni yake ikiwa imekwisha kuhamishiwa jina lako, na mfuko wa maganda matupu aliyoyaacha. Uliniambia kuwa siku hizi maduka ya Dodoma yana matofaa, yana redio za kila rangi, yana hata chakula cha mbwa, lakini risasi za bastola ile hakuna aliyekuwa nazo, kwa kuwa kipimo chake kimepitwa na wakati. Ulitaka niirudie kazi niliyoifanya idarani, nilipokuwa nikisimamia chumba cha silaha na kuwajazia upya risasi askari wa wanyamapori. Nilikujibu kwamba imepita miaka kumi. Ukasema mikono yangu haijafanya kazi nyingine ya maana tangu nistaafu, kwa hiyo haiwezi kuwa imechoka. Restuta alicheka kuliko ilivyostahili.

Sikukataa, kwa sababu nilijua unakopita. Malori mawili yalikwisha simamishwa na majambazi katika barabara ile tangu mavuno yaanze, na utingo mmoja alikuwa bado yuko hospitali. Nikaomba kibali polisi, nikapewa. Mashine yangu ya mkono ilikuwa salama, na mizani pia. Baruti yangu ya zamani haikuwa salama. Nilipofungua kopo nilipokewa na harufu kali ya kukereketa, na chini ya kifuniko palikuwa na vumbi jekundu kama kutu. Hiyo ni dalili ya unga uliooza. Niliuteketeza mbali na nyumba, nikajua kwamba lazima nichague upya.

Nilikwenda kwa Charles, yule mwenye duka la vifaa vya wawindaji mjini. Alinipangia makopo matatu juu ya meza: la magobore, la bunduki za marisau, na la bastola. Nilisoma kila herufi. Nililinganisha jina, namba ya aina na nembo ya kiwanda na kitabu changu cha zamani. Niligeuza kopo, nikakagua utepe uliozungushwa kwenye kifuniko. Nikachagua kwa uangalifu wote nilionao, na Charles akanifungia. Nilipokuwa natoka alinikumbusha nikimaliza nimrudishie kopo, ili safari nyingine anipunguzie bei. Nikamwambia bila shaka.

Ulipofika Jumamosi, siku moja kabla ya kipaimara, ulinikuta mezani nimeinamia mizani, ukasema kuwa wewe unapima mahindi kwa debe na watu wanashiba, ila mdogo wako anapima pilipili manga ya kuwaulia watu. Uliniuliza kama nimezijaribu. Nikakueleza kuwa nisingeweza kuzijaribu bila bastola yako, nawe usingeweza kuiacha kwangu msimu huu, na nikapendekeza tuzijaribu Jumatatu kwenye kingo za mchanga nyuma ya nyumba. Ukasema Jumatatu alfajiri lori lako litakuwa limekwisha pita Chalinze. Ukazitia zote sita katika bastola, ukaifunga ndani ya mkoba wako, na mkoba ukaufungia katika kabati la chumba chetu, kwa sababu hukutaka kuingia nao kanisani mbele ya askofu.

Jumapili, nyinyi mkiwa bado ibadani, nilitumwa kubadilisha kreti za soda. Nilipokuwa nazipanga chupa tupu juu ya baiskeli, kila chupa na jina lake limechapwa kwenye kioo, nilisimama. Chupa tupu hurudishwa kwa sababu moja tu, nayo ni kujazwa tena. Sote tumekulia katika desturi hiyo kiasi kwamba mtu akikwambia rudisha chombo, unasema ndiyo kabla hujasikia alichosema. Ni nani anayelihitaji kopo tupu la baruti, na analihitaji kwa nini?

Niliziacha kreti dukani, nikaenda moja kwa moja kwa Charles. Hakunificha, na nasisitiza hili kwa sababu sitaki umwone mwizi. Alinishangaa. Alisema makopo yale yalikuja mara moja tu, zamani, na kwa kuwa ni mazuri na hayana kutu, huyajaza kutoka katika pipa analoletewa na mtu wa mpakani. Nilimwuliza pipa lile ni la unga gani. Akasema ni la baruti. Nikauliza ya aina gani. Akasema, Mzee Ebenezer, unga wa sembe ukitiwa katika ndoo ya rangi haugeuki kuwa rangi. Nilimweleza kwa urefu kinachoweza kutokea, akasikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza kama nimelileta kopo.

Nilichokifanya niliporudi nyumbani nitakieleza, lakini kwanza nieleze nilichokisikia jana, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike.

Jana Gerson alifika hapa akiwa hajanawa uso, na kabla hajaketi alianza kusimulia. Alisema Ijumaa asubuhi, mkirudi na mauzo yote, hamjafika Pandambili, mlikuta mawe yamepangwa barabarani na watu watatu wamesimama, wawili wana mapanga na mmoja ana gobore. Yeye alitaka kurudi kinyumenyume. Wewe ulimwambia akirudi kinyumenyume atalitumbukiza lori mtaroni na bado mtaibiwa. Ukafungua mlango ukashuka. Gerson anasema hukupaza sauti hata kidogo. Uliishika bastola kwa mikono miwili, ukawaamkia habari za asubuhi, ukawaambia kuwa wao ni watatu na wewe una risasi sita, kwa hiyo kila mmoja ana zake mbili na hakuna haja ya kugombania. Ukamwambia mwenye gobore aliweke chini taratibu asije akajiumiza. Akaliweka. Kisha ukawaamuru wayaondoe mawe wenyewe, na mmoja alipoliacha jiwe dogo ukamrudisha akalichukue. Gerson alicheka mpaka akashika ubavu. Alisema alikutazama mkono wakati wote, nao haukutikisika.

Ndipo akanipa ujumbe wako, kwamba baruti yangu ni nzuri mpaka haihitaji hata kulia, na kwamba unataka risasi nyingine kumi na mbili zilezile kabla ya Alhamisi.

Dada, risasi ulizokuwa nazo asubuhi ile hazikuwa na baruti.

Jumapili ile, nilipotoka kwa Charles, mlikuwa bado hamjarudi. Nilifungua kabati, nikafungua mkoba wako, nikazitoa zote sita. Nilikuwa na nyingine sita nilizozitengeneza mwanzoni ili kuiweka sawa mashine: maganda yenye vichwa vya risasi, ndani matupu, na fataki zake, zile za kuwashia baruti, nilizokwisha kuziua kwa mafuta. Kwa kuzitazama hazina tofauti. Nikazitia hizo, nikaurudisha mkoba, nikafunga kabati, nikaenda kuwapokea wageni. Wewe ulinipa pongezi za Ruthu, nami nikazipokea.

Utauliza kwa nini sikukwambia. Nilijua kuwa usingeahirisha safari, lori likiwa limekwisha pakiwa. Nilijua pia kwamba ungezing'ang'ania zile sita, ukasema bora zenye mashaka kuliko kwenda mikono mitupu, na ungeondoka nazo. Kwa hiyo nilipima. Ungezifyatua zenye unga wa Charles, huenda zingekuua, au kukuondolea macho, na ningekuwa nimeifanya kazi hiyo mimi. Ungezifyatua hizi tupu, zingekuacha umesimama mbele ya watu watatu na mlio mdogo wa chuma. Katika hali zote mbili hatari ingekuja pale tu ambapo ungefyatua. Nilichagua ile ambayo ingetoka mikononi mwa majambazi, isitoke mkononi mwangu. Jana, Gerson akicheka, niliona kwamba katika mizani ile nilikuwa nimeiweka dhamiri yangu mahali ambapo ulipaswa kuwekwa wewe. Hata hivyo nimelipitia jambo hili tangu jana, na sijaona ni lipi ambalo ningelifanya badala yake na likawa sahihi.

Sasa fungua kifurushi. Ndani mna zile sita za kwanza, nimezivunja: maganda mbali, fataki mbali, vichwa mbali, na unga wa Charles katika karatasi iliyokunjwa. Wewe hununui gunia bila kulichoma bambo ukaona cha katikati, kwa hiyo nimeona ni haki yako kuyaona ya ndani. Unga huo usiuweke karibu na jiko.

Nimekwisha pata kopo jingine, kutoka kwa watu wanaoongoza wawindaji wageni, nalo lilifunguliwa mbele ya macho yangu likiwa na lakiri yake ya kiwandani. Leo nimejaza kumi na mbili. Sikuzituma, kwa sababu sitakupa tena kitu ambacho hakijajaribiwa. Nakusihi uje kesho na bastola. Tutafyatua chache kwenye mchanga, na nyingine utaondoka nazo ukijua ni nini ulichobeba. Ukinikasirikia, njoo nazo hasira zako, lakini njoo.

Nisalimie Mama Generosa, jirani yako, umwambie ile dawa ya kifua aliyoniagiza nimeipata. Wasalimie wapakiaji wote. Restuta anasema atakuwekea mlenda na ugali wa uwele, uje na njaa.

Limebaki jambo moja ambalo sina kipimo chake. Ijumaa mkono wako haukutikisika, na watu watatu waliondoa mawe, kwa sababu ulijua una risasi sita, hali ulilolijua halikuwa kweli. Kuanzia kesho utakuwa na risasi za kweli, na utajua kuwa siku ile hukuwa na kitu. Ukikuta mawe tena barabarani, je, nitakuwa nimekuongezea silaha, au nitakuwa nimekunyang'anya ile uliyokuwa nayo?

Mdogo wako akupendaye,
Ebenezer