Préampli ya Kupita Ile ya Mukuka

Zone ya Kenya, Lubumbashi
Siku ya 16, mwezi wa tatu, 1976

Mupendwa mudogo yangu Kunda,

Jambo sana, toka hapa kwetu mupaka kule Liège. Uko namna gani na baridi? Kifua yako iliacha kukusumbua? Unakula muzuri, ao ni paka mukate na fromage tu? Shiye huku tuko bazima. Goti ya Mama inamuuma wakati ya mvula, lakini anatembea. Batoto banasoma. Annie bibi yangu ameongezeka mwili, lakini usimuambie kama njo miye nilikuandikia.

Barua yako ya mambo ya préampli ilifika juma iliyopita. Niliisoma mupaka nikaijua kwa kichwa. Annie aliniuliza kama niko nanunua machine ao naoa bibi ya pili. Nilimuelezea: sauti yenye sindano inatoa mu disque iko kadogo sana, préampli njo inaipa nguvu mbele ifike ku ampli na ku babaffle, bile visanduku bya sauti. Akacheka tu.

Kunda, nikuambie kweli: niko na wivu. Niko na wivu ya Mukuka, shemeki yetu, bwana ya dada yetu Victorine. Tangu ule ingénieur muzungu wa ku fonderie alirudia kwao na kumuachia machine yake yote ya muziki, hapa zone yetu ya Kenya hakuna tena nyumba ingine ya muziki. Bantu banasema "twende kwa Mukuka" sawa vile banasema twende ku misa. Na ye mwenyewe hajivuni! Njo kintu kinaniuma zaidi. Angejivuna, ningemuchukia muzuri, roho ipumuzike.

Unajua ile disque ya Donat, ndugu yetu. Serikali ikataze majina ya batizo namna inapenda, mufu wetu nitamuita paka Donat. Alirekodia disque moja tu, mbele homa imubebe, na kila mutoto wa Mama iko na yake. Ku pick-up yangu, machine ya kupigia disque, unasikia kuunguruma, sawa nyuki mu kikopo, na nyuma kabisa, mbali, gitare. Kwa Mukuka, mawee! Unasikia kidole yake inateremuka ku kamba. Mbele ya couplet ya pili ya wimbo unasikia anakohola kidogo, ile kikohozi yake ya haya, unaikumbuka. Damu yetu, na anakoholea mu salon ya shemeki!

Na Mama. Kila siku ya yenga, kisha misa, anaenda kule kusikiliza mutoto yake. Lakini unajua Mama na mambo ya bukwe: yeye ni mamukwe, hawezi kuikala mu nyumba moja na bwana ya binti yake, ata kumuangaria ku macho hawezi. Basi anaikala inje, ku kiti kadogo chini ya dirisha, sikio ku ukuta. Bantu banapita ku avenue banamuona. Na miye mutoto mukubwa niko na nyumba yenye Mama anaweza kuingia na kunyoosha miguu, na mu ile nyumba kuko paka nyuki. Namna gani nisisikie haya?

Sasa mambo ya kuchagua. Uliniandikia kama kuko ile ya lampe, vioo vyenye kuwaka mu tumbo yake, na ile ya transistor sawa ya radio, na ile ya bei kubwa yenye mulango mbili, moja ya sindano ya sumaku, ingine ya sindano ya bobine, uzi ya shaba ya kuzungulusha. Nilikuwa nimeisha kuchagua ya lampe. Juu ya nini? Juu ile ya Mukuka ni ya transistor. Sababu ingine hakuna, shikufiche. Muuzaji wako anasema sauti ya lampe iko na joto. Miye nilitaka ile joto imuchome Mukuka.

Lakini sikia. Siku ya yenga hii, mvula ilianguka ya kupasula mabati. Nilikimbia na parapluie kwenda kumubeba Mama. Nafika pa dirisha, kiti iko, Mama wapi! Naingia mu salon: Mama iko mu fauteuil, kiti kikubwa ya Mukuka mwenyewe, amefunga macho, Victorine iko pembeni yake. Na Mukuka? Nilimukuta nyuma ya nyumba, amesimama chini ya bati ya choo, amelowana mupaka mu viatu. Aliweka disque, akateremusha sindano, akatokea ku mulango ya nyuma, Mama apate kuingia. Victorine anasema njo vile anafanyaka wakati ya mvula.

Aliponiona miye, kaka mukubwa ya bibi yake, akaniambia tu:

"Yaya, ingia mbio, utakosa kikohozi yake."

Nilitafuta kosa yake, shikuona. Nikatoka pale na wivu mupya, Kunda. Ata roho yake muzuri niliionea wivu.

Mu njia nilimuambia Mama kama préampli yangu iko inakuya, atasikiliza kwangu, miguu ku tapis ya salon. Alifurahi, akanibariki. Kisha, mbele tufike ku mulango, akaniuliza: na mukwe wangu, ile siku atasikilizia wapi? Ona! Préampli ingali Liège, na Mama ameisha kumutafutia Mukuka fasi ya kuikala! Nilifunga parapluie, nikaingia.

Basi uache lampe, uache transistor. Beba disque yako ya Donat ku magasin. Muuzaji akitaka kukuwekea muziki yake, ukatae. Weka Donat, na ile yenye itakupa kikohozi muzuri, njo ile. Kama iko sawasawa na ya Mukuka, shitakasirika sana. Na utie kamba ndefu ya baffle, ifike pa dirisha.

Annie, batoto na Victorine banakusalimia. Mama anasema uvae chapeau ku kichwa. Utusalimie Mwaba na bibi yake, bale banakuchunga kule. Mukuka naye anakusalimia, shiwezi kumunyima ile. Mungu akuchunge mu baridi, akurudishe kwetu na mifupa yako yote.

Miye yaya yako, mwenye kukupenda ata mu hasira,

Ngosa

P.S. Nimeisha kutengeneza kiti ya Mukuka. Nimeiweka inje, chini ya dirisha yangu, na bati juu yake, mvula isimulowanishe. Leo asubui niliweka disque ya Donat, nikatoka, nikaikala pale mwenyewe, nione kama muntu pale anasikia muzuri. Nilisikia nyuki tu. Fanya mbio, mudogo yangu.