Viatu Vilivyompotezea Njia Mzee Sugimori

Onomichi, Japani
22 Machi 2024

Mpendwa Tomoe,

Pokea salamu nyingi za shangazi yako. Hujambo huko Brazili? Mgongo wa baba yako umepoa? Mimi ni mzima, ila macho tu hayaoni vizuri, nayo tumeshazoeana. Naandika kwa kalamu nene, herufi kubwa, usidhani nakukaripia.

Mwanangu Kenzo alikuja juzi kunichukua nikaishi kwake Osaka. Alisema ngazi za mlima huu zitaniua. Begi langu alishalifunga. Nikamwomba jambo moja: niende peke yangu hekaluni, kwenye kaburi la mume wangu, kama kila mwaka majira haya. Nikirudi salama bila kushikwa mkono, nibaki kwangu. Akakubali, akaketi langoni kwangu kunisubiri.

Nikatia viatuni vile vifaa vya kuongoza njia ulivyoniagizia. Nikitakiwa kukata kushoto, mguu wa kushoto unatetemeshwa; kulia vivyo hivyo. Nilifika, nikaosha kaburi, nikamwekea vitonge vya wali na maharage matamu, alivyovipenda. Nikavielekeza vifaa njia ya kurudi, nikavua viatu, nikaingia kwenye ibada.

Kutoka, viatu havipo. Vimebaki vingine vyeusi, si vyangu. Nilikaa kizingitini na soksi zangu nikalia, Tomoe, maana niliona Osaka hiyo imefika.

Kumbe kaondoka navyo Mzee Sugimori, jirani wa bondeni, msahaulifu kupindukia. Kila akielekea kwake vinamtetemesha, akigeuka vinatulia, mpaka akatokea langoni kwangu.

"Kijana, hebu nitazame miguu," akamwambia Kenzo. "Hii ni presha au nimepagawa?"

Kenzo alivitambua viatu vyangu, akacheka hadi machozi. Wakapanda wote wawili kuniletea. Mwanangu akapiga magoti, akanivisha, kisha akaurudisha mkono wake nyuma.

"Tangulia, Mama. Kama vimemfikisha huyu, wewe vitakushinda?"

"Huyu nani?" akauliza mzee.

Nikashuka ngazi zote mbele yao, Sugimori akilalamika nyuma kwamba viatu vyake sasa vimekufa.

Asante, mwanangu. Sina la kukulipa, nakushukuru kwa moyo wote. Kenzo ameondoka asubuhi hii na begi lake. Langu nimelifungua, nguo zimerudi kabatini.

Msalimie baba yako, mumeo Edson na Lina mdogo. Wazee wetu waliotangulia wawalinde nyote.

Akupendaye, akiwa nyumbani kwake,
Shangazi Hatsue