Baba, Nimepewa Mashine ya Kulalia

Baba,

Shikamoo. Mkono umeandika wenyewe kabla sijakumbuka kwamba hakuna wa kuitikia.

Niko Goba, kwenye kochi la sebuleni, saa kumi jioni, nimevaa maski puani. Hospitali wamesema niivae mchana nikiwa macho, nusu saa kila siku, mpaka mwili uizoee kabisa. Maski ina mpira mrefu unaotoka kwenye mashine ndogo hapa mezani, na mashine inanisukumia hewa ili koo lisijifunge nikilala. Ugonjwa wenyewe ndio huo. Koo linajifunga, pumzi inakatika, mwili unashtuka, unavuta hewa kwa ile kelele tuliyokuwa tukiichekea, halafu linajifunga tena. Hivyo hivyo mpaka alfajiri. Unaamka umechoka kuliko ulivyolala.

Hayo ya mwisho si maneno ya daktari. Ni yako. Uliyasema hapa uani kwangu, umekaa juu ya ndoo unamenya muhogo. "Mwanangu, mie naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Hebu nisindikize hospitali wakanitazame." Nilikuwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi. Sikuinua hata kichwa. Nikakujibu, "Baba, na kulala nako kumekuwa ugonjwa?" Ukacheka kidogo, ukaendelea na muhogo wako. Hukuniomba tena.

Nataka kuyasema yote, hata yale usiyoyajua.

Ulipokuwa mlinzi kule kwenye godauni la Chang'ombe, wenzio walikurekodi umelala kwenye kiti mchana kweupe. Mdomo wazi, kofia ya kazi imekuangukia puani, kila ukikoroma inapanda na kushuka. Hiyo video ilizunguka kwenye makundi ya simu mpaka ikafika ofisi ya walimu shuleni kwangu. Mwalimu mmoja akaniwekea simu usoni. "Mwone mlinzi huyu. Mwizi akija si anamfunika shuka kwanza." Nilikujua kabla hajamaliza. Nilikujua kwa viatu, maana nilivinunua mie. Nikacheka, Baba. Ningekuwa nimetabasamu tu kwa aibu leo ningepata pa kujificha, lakini nilicheka mpaka nikashika meza. Sikusema ni baba yangu.

Baada ya wiki wakakufukuza. Ulirudi Tandika ukamwambia Mama kwamba wamepunguza watu, na mie nikakuacha useme hivyo.

Wakati ule nyumba yetu ilikuwa haijaisha. Mie na mume wangu Rashidi tulishahamia vyumba vya mbele, lakini ukuta wa nje hakuna, nondo na saruji ziko wazi. Nikaja Tandika nikasema nakuchukua ukapumzike kwangu, Goba kuna hewa ya vilimani. Haikuwa hewa. Nilitaka mtu wa kukaa na mali zangu. Umefukuzwa ulinzi kwa sababu ya usingizi, nami nikakupa ulinzi tena, nikauita mapumziko. Mama alinifuata mpaka mlangoni. "Usimtenge na mie. Yule peke yake halali vizuri." Nikadhani ni mapenzi ya wazee. Nikamtania.

Ulianza kwa kulala chumba kimoja na mwanangu Nuru. Rashidi akasema unakoroma kama pampu ya kisima, mtoto halali. Tukakuhamishia chumba cha uani, pamoja na mifuko ya saruji. Wewe mwenyewe ulibeba godoro.

Asubuhi ile ya Jumapili nilimtuma Nuru akupelekee chai. Akarudi nayo. "Babu hataki kuamka." Nikamwambia arudi, akutikise kwa nguvu, Babu anapenda mno kulala. Akaenda. Alipokuja mara ya pili alikuwa amemwaga chai yote kwenye gauni, na alikuwa anajifuta mkono, anajifuta tu. Alikuwa na miaka sita. Nilimtuma mara mbili kwa maiti.

Tulikuzika siku hiyo hiyo. Watu wakasema ni moyo. Wakasema umepata mwisho mwema, umeondoka usingizini bila kuumwa. Nililishikilia neno hilo mwaka mzima, nikawa nalirudia kwa kila aliyekuja kutoa pole.

Halafu ikawa zamu yangu. Kichwa kikaanza kuniuma kila nikiamka. Nikawa nasinzia nikisimamia mtihani, nimesimama, chaki mkononi. Siku moja Rashidi akaniambia, "Unakoroma, halafu unanyamaza kabisa, halafu unashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Twende hospitali." Kwangu hakutaja pampu. Aliomba ruhusa kazini, akanipeleka.

Walinibandika nyaya kichwani na kifuani, nikalala huko huko wodini. Daktari, binti mdogo tu, akanisomea majibu. Pumzi ilikuwa inakatika mara thelathini na nane kwa saa. Akauliza kama kwenye familia kuna mwingine anayekoroma sana.

"Baba alikuwa akikoroma."

"Yuko wapi sasa?"

"Alifariki."

"Alikuwa anaumwa nini?"

"Hakuwa anaumwa. Alilala tu."

Alikuwa anaandika. Kalamu ikasimama, kisha ikaendelea. Aliponieleza kuhusu mashine hii, nikamuuliza kama ingekusaidia wewe. Akasema, "Mwalimu, tuzungumzie wewe kwanza." Nikajua jibu.

Siku za mwanzo niliichukia mashine hii. Hewa inakuja kwa nguvu kama umetoa kichwa nje ya basi, na ukifungua mdomo kusema, inatokea mdomoni. Maski ya kwanza ilikuwa kubwa, ikawa inanipuliza machoni. Wakanibadilishia hii ya pua peke yake. Koo likawa linakauka, nikaambiwa niweke maji kwenye kikopo chake, na maji ya kisima chetu yana chumvi, yaliacha ukoko mweupe ndani, ikabidi niwe nanunua ya chupa. Umeme ukikatika hewa inakata, naamka naing'ang'ania maski kama naibiwa. Asubuhi nyingi niliikuta sakafuni na sikumbuki kuivua. Shuleni naingia na mistari ya mikanda mashavuni, watoto wananong'ona.

Nuru akaniita Mama Tembo kwa ajili ya huu mpira. Siku moja nimekaa hapa hapa nafanya mazoezi ya maski, nikamwona ameshika simu ya baba yake, ananirekodi huku akicheka. Nilimpiga kofi. Lilikuwa la wale wa godauni, la yule mwalimu na la kwangu mwenyewe, ila shavu lilikuwa la mtoto. Hakulia. Aliiweka simu mezani taratibu, akauliza, "Mama, na wewe utakuwa kama Babu?"

Wiki ya tatu nililala moja kwa moja mpaka asubuhi. Niliamka nikadhani nimeharibikiwa kitu, kichwa chepesi, macho hayaniwashi. Nikakaa kitandani nasikiliza kunguru kwenye bati. Kumbe hivi ndivyo watu wanavyoamkaga, Baba. Tangu nikujue, hukuwahi kuipata hata asubuhi moja ya namna hii. Sie tulikuita mvivu.

Nikaenda Tandika kumwambia Mama. Alinisikiliza, akanipapasa alama za mikanda. Kisha akasema, wala si kwa hasira:

"Baba yako alikuwa ananyamaza hivyo hivyo. Miaka yote nilikuwa nampiga kiwiko. Nikimpiga, anarudi. Nalala kidogo, nampiga tena. Ndiyo maana nilikwambia usimtenge na mie."

Akaniongezea mchuzi.

Nimeshindwa kulimeza hilo mpaka leo. Hukukosa mashine. Ulikuwa na mwanamke aliyekurudisha duniani kwa kiwiko chake kila siku, bila kujua jina la ugonjwa, na mie ndiye niliyekutoa ubavuni kwake ukalinde nondo. Nondo zenyewe zimepata kutu, tulinunua nyingine.

Sasa amebaki Selemani. Mdogo wangu yule ana shingo yako, na kukoroma kwako. Anaendesha lori la mizigo kwenda Tunduma. Majuzi alinisimulia, anacheka, kwamba alizinduka karibu na Chalinze tairi za kushoto ziko kwenye kokoto, na hajui zilifikaje. Nikamwomba akapimwe. Akasema, "Dada, wewe ni mwili wako tu. Mie niko fiti." Nimemwomba mara tatu. Nimemwonyesha mashine. Mara ya mwisho aliivaa, akajifanya rubani, watoto wakacheka.

Nimempa mpaka Jumamosi. Asipokwenda, Jumatatu naenda kwa bosi wake namweleza kila kitu. Watamshusha kwenye lori. Mkewe ana mimba ya tatu, Mama atalia, na yeye hatanisemesha tena. Nimetafuta njia ya upole sijaiona. Hilo nakuahidi, Baba, nitalifanya.

Msamaha siombi. Najua ungenipa kabla sijamaliza sentensi, kisha ungeniuliza kama nimekula. Usinipe.

Kwaheri, Baba. Selemani anichukie anavyotaka, ili mradi awe hai aweze kunichukia.

Mwanao,
Mwajuma