Nyaya Nyuma ya Dashibodi

Kaka yangu mpendwa,

Huku sote wazima, ila nina jambo la kukwambia. Jana nilifungua dashibodi ya lile gari kuukuu la marehemu baba ili nitengeneze taa zake. Si tuliambiwa panya walitafuna nyaya? Kaka, hazikutafunwa! Zimekatwa kwa kisu, zote kwa pamoja.

Nikamwita mama. Akaziangalia, akasema, "Nilizikata mimi ili gari lisiwake. Baba yenu alikuwa ameshapakia mabegi, anahamia kwa mwanamke mwingine."

Nikamuuliza, "Baba alijua?"

"Alijua. Fundi alimwonyesha zilivyokatwa. Akateremsha mabegi, na hakumwita fundi tena."

Nyaya nimeziunga, taa zinawaka. Mama anaimba jikoni kana kwamba hakusema kitu.

Nijibu upesi,
Dada yako