Mtawa Hajanenepa

Kaka,

Usimpe Mtawa ile dawa ya minyoo! Asubuhi nilipompapasa tumbo, chuchu zimevimba, halafu kitu kikanipiga teke kiganjani. Mbwa wetu ana mimba! Mtawa, asiyevuka geti!

Nami nimempunguzia chakula wiki mbili, kwa sababu ulisema, "Huyo Mtawa wako kawa gunia." Alikuwa akilamba bakuli tupu huku akinitazama.

Leo mpe ~~nusu bakuli~~ bakuli zima. Shuka langu alilolikokotea chini ya kitanda mwachie, anatandikia wanawe. Nikitoka kazini nitakuja na daktari wa mifugo.

Geti uliliacha wazi wewe, miezi miwili iliyopita. ~~Sikusamehe ng'o.~~ Hongera, mjomba.

Mama mdogo wao